Risasi za kulengea shabaha za mbali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Majibu haya ni kwa wenye bunduki zilizosajiliwa na leseni hai, wanaolenga shabaha za karatasi au chuma kwenye kiwanja kilichoidhinishwa. Vitabu vingi vya fani hii vinachukulia hewa ya usawa wa bahari. Sisi tuko juu, na jambo hilo moja linabadilisha majibu mengi. Uzito umetajwa kwa greni (greni 1 ni gramu 0.0648), kwa sababu ndivyo unavyoandikwa kwenye maboksi na vitabu vya kujazia.

## Mambo ya kuanzia

1. Masafa marefu yanaanzia mita ngapi?

Inategemea risasi. Kwa .223 Remington, mita 400 tayari ni mbali. Kwa .308 Winchester, mita 600 bado ni kazi ya kawaida, na ugumu unaanza kuonekana baada ya 800. Mashindano ya F-Class (ya masafa marefu, bunduki ikiwa imeegemezwa) hupigwa kati ya yadi 300 na 1000 (yadi 1000 ni mita 914). Kipimo kizuri zaidi ya mita ni hiki: je, kichwa cha risasi bado kinakwenda kasi kuliko sauti kinapofika kwenye shabaha? Kikishuka chini ya hapo, mambo mengi yanabadilika (swali la 5).

2. Kichwa, ganda, baruti, fataki: kila kimoja ni kipi?

Risasi nzima ina sehemu nne. Ganda ni kopo la shaba nyeupe linaloshika vingine vyote. Fataki ni kidonge kilicho kitakoni, kinachogongwa na pini. Baruti ni punje zinazoungua ndani. Kichwa ndicho kinachoruka. Katika ukurasa huu, tukisema "kichwa" tunamaanisha kile kinachoruka tu, na tukisema "risasi" tunamaanisha kitu kizima.

3. Naruhusiwa kujaza risasi (kuziunda upya kwa maganda yaliyotumika) mwenyewe nyumbani?

Usianze kwa kudhani unaruhusiwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaweka utengenezaji wa risasi chini ya leseni, na leseni ya kumiliki bunduki haikupi haki hiyo. Kabla ya kununua hata mashine, peleka ombi la maandishi kupitia ofisi ya polisi inayosimamia leseni yako, na usubiri jibu la maandishi. Jibu la mdomo halitakusaidia siku ya ukaguzi.

Wasomaji wengi wa sehemu ya kujaza ni wale wanaopiga na kujaza nchi nyingine, Afrika Kusini kwa mfano, ambako wenye leseni wengi hujijazia. Wakumbuke kuwa baruti na fataki zilizo pekee haziruhusiwi kabisa kwenye ndege ya abiria, hata kwenye begi la chini. Risasi zilizokamilika huruhusiwa hadi kilo 5 kwa mtu, kwa idhini ya shirika la ndege na vibali vya nchi zote mbili.

Kama huna kibali cha kujaza, sehemu ya kuchagua kichwa na ile ya hewa zinakuhusu moja kwa moja hata unaponunua risasi za kiwandani. Huko ndiko faida kubwa iliko.

4. Nina bunduki ya kuwindia tu. Inatosha?

Inatosha kujifunzia hadi mita 500 au 600. Mtutu wake ni mwembamba, hivyo baada ya risasi tatu hadi tano unapata moto na matundu yanaanza kutawanyika. Piga tatu, acha chemba wazi, subiri mtutu upoe hadi uweze kuushika bila kusita.

Kinachokwamisha zaidi ni darubini. Kwa .308 kwenye mita 1000 unahitaji kupandisha kati ya mili 12 na 14 hivi (mili ni kipimo cha pembe), na darubini nyingi za kuwindia huishia kabla ya hapo. Reli ya kufungia darubini yenye mteremko wa dakika 20 za pembe huongeza karibu mili 6. Ni ya bei ndogo kuliko darubini mpya, kwa hiyo anza nayo.

## Kuchagua kichwa

5. Kwa .308, nichukue kichwa cha greni ngapi?

Greni 168 za umbo la zamani la Sierra MatchKing zilibuniwa kwa mashindano ya mita 300, na hapo ni bora sana. Tatizo ni mkia wake: umechongoka kwa pembe ya nyuzi 13, na kasi inapokaribia ile ya sauti kichwa kinaanza kuyumba. Watu wengi hulaumu upepo kwa kosa la mkia huo. Zitumie hadi mita 600.

Greni 175 za familia hiyohiyo zina mkia wa nyuzi 9 na hupita eneo hilo kwa utulivu zaidi. Kwa mtu wa Arusha mwenye .308 ya kawaida, hili ndilo chaguo letu la kwanza hadi mita 900. Greni 155 ni za mashindano ya Palma (ya masafa marefu), ambako kanuni inaweka kikomo cha uzito. Nje ya Palma hakuna sababu kubwa ya kuzifuata. Greni 185 hadi 200 na zaidi hupendwa na wapigaji wa F-TR (tawi la F-Class la .223 na .308), lakini zinahitaji mtutu wenye mzunguko wa kasi (swali la 7).

Kama bado hujanunua bunduki na lengo lako ni mita 1000, 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha greni 140 hadi 147 itakurahisishia maisha. Haipigi kwa nguvu zaidi. Inasumbuliwa kidogo na upepo, na upepo ndio unaokosesha alama.

6. BC ni nini, na kwa nini boksi moja lina namba mbili?

BC ni kipimo cha jinsi kichwa kinavyohifadhi kasi hewani: namba ikiwa kubwa, hewa inakipunguza mwendo polepole. G1 inalinganisha kichwa chako na kile cha zamani chenye kitako bapa. G7 inalinganisha na kichwa kirefu chenye mkia uliochongoka, yaani kinachofanana na vya kwako. Kichwa cha greni 175 kilichotajwa juu kina G1 ya 0.505 na G7 ya karibu 0.243, kile cha Hornady ELD Match cha greni 140 kwa 6.5 kina G7 ya karibu 0.326. Namba za G1 na G7 ni za kichwa kilekile, kimepimwa kwa fimbo tofauti.

Kwa masafa marefu tumia G7. G1 hubadilika kadiri kasi inavyoshuka, kwa hiyo hesabu inayokubali mita 300 itakudanganya mita 900. Kosa linalorudiwa sana ni kuingiza namba ya G1 kwenye programu ya kulengea iliyowekwa G7. Programu haitalalamika, itakupa tu jedwali la kichwa ambacho hakipo duniani.

7. Nitajuaje kama mtutu wangu unafaa kichwa kirefu?

Tazama mzunguko wa mifuo (mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu), ulioandikwa ubavuni kama 1:12, 1:10 au 1:8. Maana yake kichwa kinazunguka mara moja kila inchi 12, 10 au 8. Kinachodai mzunguko wa kasi ni urefu wa kichwa zaidi ya uzito wake, ndiyo maana vichwa vya shaba tupu, ambavyo ni virefu kwa uzito uleule, hudai zaidi.

Kwa .308, mtutu wa 1:12 hutuliza greni 175. Ukienda 200 tafuta 1:10. Kwa .223, greni 69 zinakaa vizuri kwenye 1:9, greni 77 zinataka 1:8, na kuanzia 80 ni 1:8 au 1:7. Kwa 6.5 Creedmoor, 1:8 inatosha hadi 147. Kama boksi linataja mzunguko wa chini unaohitajika, lifuate hilo. Dalili ya kichwa kisichotulia ni tundu la umbo la yai kwenye karatasi. Ukiliona mita 100, acha; mbali itakuwa mbaya zaidi.

8. Vichwa vya kuwindia vina shida gani?

Vimetengenezwa vitanuke vinapogonga nyama, na ncha laini ya madini ya risasi hubonyea ndani ya magazini. Uzito na umbo lake vina tofauti kubwa zaidi kutoka kimoja hadi kingine. Kwa mita 200 hutaona tofauti; kwa 700 utaiona. Na usigeuze: kichwa cha shabaha si cha kuwindia mnyama, maana hakikubuniwa kutanuka kwa uhakika.

## Hewa ya hapa

9. Kwa nini risasi zangu zinapiga juu kuliko jedwali la kwenye boksi?

Kwa sababu hewa ya hapa ni nyepesi. Arusha mjini ni karibu mita 1400 juu ya bahari, na Moshi iko kati ya mita 800 na 900 hivi. Hewa sanifu ya usawa wa bahari ina kilo 1.225 kwa kila mita ya ujazo. Arusha, siku ya nyuzi 25, ni kama kilo 1.0, Moshi, siku ya nyuzi 28, ni kama 1.06. Yaani pungufu ya takribani asilimia 18 na 13.

Hewa ikipungua, kichwa kinapoteza kasi polepole, kinafika mapema na kinaanguka kidogo. Kwa .308 kwenye mita 1000, tofauti kati ya jedwali la usawa wa bahari na hali ya Arusha inazidi mita moja kwa wima. Utapita juu ya bati zima. Hata kutoka Arusha kwenda Moshi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, jedwali lako linahitaji kubadilishwa.

Upo upande mzuri wa jambo hili: upepo nao unasukuma kidogo, na kichwa kinabaki juu ya kasi ya sauti kwa umbali mrefu zaidi.

10. Simu inaniambia mgandamizo wa hewa Arusha ni 1015. Niuingize kwenye programu?

Hapana. Hili ndilo kosa tunaloliona kuliko yote. Taarifa za hali ya hewa hutoa mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba uko ufukweni, ili ramani za mikoa zilinganishwe. Mgandamizo halisi wa Arusha mjini ni karibu hektopaskali 860, na wa Moshi karibu 915 hadi 920.

Programu nyingi za kulengea zina swichi ya kuchagua: mgandamizo wa kituo, au uliorekebishwa pamoja na mwinuko. Chagua wa kituo na uingize kipimo halisi kutoka kwenye kifaa chako. Simu nyingi zina kipimo hicho ndani. Ukiingiza mgandamizo wa kituo kisha ukaongeza na mwinuko, baadhi ya programu hupunguza hewa mara mbili. Jaribu hivi: weka mwinuko sifuri na mgandamizo 860, andika jibu, kisha weka mwinuko 1400 na mgandamizo uleule. Jibu likibadilika, programu yako inahesabu mara mbili.

11. Joto linaathiri risasi yenyewe, au hewa tu?

Vyote viwili. Baruti yenye joto huungua haraka na kuongeza kasi na mgandamizo ndani ya chemba. Asubuhi ya Julai Arusha inaweza kuwa nyuzi 12. Mchana wa Februari Moshi unapita 30. Baruti zisizojali sana joto, kama H4350 na Varget za Hodgdon, zimeundwa kwa ajili hiyo. Nyingine, hasa zenye nitrogliserini, hubadilika zaidi.

Risasi zisikae kwenye dashibodi wala buti la gari lililoachwa juani. Zitie kwenye sanduku la kubebea baridi bila barafu, chini ya kivuli. Na usiache risasi ndani ya chemba yenye moto huku ukisubiri upepo utulie: sekunde 30 zinatosha kuipasha na kuipandisha juu.

12. Saa ngapi ni nzuri kupiga, na upepo nausomaje?

Alfajiri hadi saa tatu asubuhi. Jua likipanda, hewa inapanda miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na upepo unaanza kubadilika kila dakika. Kwa makadirio ya usawa wa bahari, upepo wa kukingama wa mita 1 kwa sekunde unasukuma .308 ya greni 175 kama nusu mita kwenye yadi 1000, na 6.5 ya greni 140 kama theluthi ya mita. Hapa punguza kidogo (swali la 9).

Mchana tumia mazigazi. Lenga darubini kwenye shabaha, kisha rudisha fokasi karibu kidogo hadi uone hewa ikichemka. Ikichemka wima, upepo umesimama au unakuja usoni au mgongoni, na mara nyingi uko karibu kugeuka, usipige hapo. Ikilala na kukimbia upande mmoja, una upepo wa kukingama unaoweza kuupima. Vumbi na majani karibu nawe vina uzito zaidi kuliko vya karibu na shabaha, kwa sababu kichwa kikigeuzwa mapema kosa hukua njia nzima.

## Kujaza risasi, kwa mwenye kibali

13. Vifaa gani ni vya lazima?

Presi imara, kalibu za kurudishia umbo la ganda na kupachikia kichwa, mizani ya greni yenye usahihi wa 0.1 au bora zaidi, uzito wa kuhakiki mizani, kalipa yenye adapta ya kupimia kwenye bega la kichwa (pale kinapoanza kuchongoka) badala ya ncha, kifaa cha kukata shingo, miwani ya kinga, na kitabu cha kujazia cha sasa. Kipima mwendo si anasa. Bila hicho swali la 17 halina jibu.

Usitumie mizani ya sonara iliyowekwa gramu. Gramu 1 ni greni 15.43, na kosa hapo si la alama bali la mkono na jicho.

14. Hatua zinakwendaje?

Kagua maganda yote kwanza, ganda moja moja: tupa lenye ufa shingoni au mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, kwani hapo ndipo litakatika. Lisafishe, lipake mafuta ya kalibu kidogo, kisha lirudishe umbo. Kwa bunduki ya bolti, rudisha bega la ganda kwa milimita 0.05 tu. Ukilirudisha sana, ganda linanyooka kila linapopigwa na linakufa baada ya kutumika mara chache.

Pima urefu. Ganda la .308 halitakiwi kuzidi milimita 51.18, likizidi, likate hadi 50.93 na usawazishe ukingo ndani na nje. Shingo ndefu hubanwa na chemba, hukishika kichwa kisitoke, na mgandamizo hupanda ghafla. Pachika fataki hadi izame chini kidogo ya kitako, pitisha kidole uhakikishe. Pima baruti, jaza, kisha mulika tochi ndani ya maganda yote kabla ya kupachika vichwa. Mezani iwe baruti moja tu, ndani ya chombo chake cha asili. Asiwepo wa kuvuta sigara, wala simu ya kukukatiza.

15. Niambieni kiasi cha baruti kwa .308 yangu.

Hatutoi, na usikubali namba ya mtu. Kiasi hutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa baruti ileile, kichwa kilekile, ganda na fataki zilezile. Anza asilimia 10 chini ya kiwango cha juu, panda kwa hatua za greni 0.3 kwa ganda la ukubwa huu, na ukibadilisha sehemu yoyote rudi chini uanze upya. Hata fataki ya kampuni nyingine inahesabika. Usishuke chini ya kiwango cha kuanzia pia: baruti ya polepole ikiwa kidogo mno inaweza kuwaka vibaya na kuharibu bunduki.

16. Kichwa kizame kiasi gani?

Pima umbali wa bega la kichwa hadi mifuo inapoanza. Vichwa vyenye bega la mviringo wa kawaida huvumilia kuruka milimita 0.5 hadi 1.5. Vile vyembamba vyenye bega kali huchagua, na wengi huvianzisha karibu na mifuo. Usivigusishe mifuo bila kushusha baruti kwanza, maana kugusa hupandisha mgandamizo. Risasi lazima pia iingie kwenye magazini. Hili husahaulika hadi siku ya kiwanjani.

17. Mita 100 napiga tundu moja, mita 900 zimetawanyika juu na chini. Kwa nini?

Kasi zako hazilingani. Risasi mbili zilizotofautiana kwa mita 10 kwa sekunde hutofautiana milimita 2 tu kwenye mita 100, na hutaziona. Kwenye mita 1000 zinaachana kwa sentimita 25 hadi 35. Duara la alama 10 la F-Class ya Marekani kwa yadi 1000 lina kipenyo cha inchi 10, yaani sentimita 25. Risasi zako nzuri za mita 100 zimekwisha toka nje bila kosa lako wala la upepo.

Piga risasi 10 hadi 20 kwenye kipima mwendo; tano hazitoshi, hutoa namba tamu zisizodumu. Mkengeuko wastani wa mita 3 kwa sekunde au chini ni mzuri. Ukizidi, fuata mpangilio huu: mizani (je, sifuri inatembea? feni au upepo wa dirishani huitikisa), kisha mkazo wa shingo (karibu milimita 0.05, na uwe sawa kwa maganda yote), kisha mchanganyiko wa maganda ya kampuni tofauti. Maganda yaliyopigwa mara nyingi huwa magumu shingoni na mkazo hupotea. Yapashwe moto shingoni kwa kipimo, au yabadilishwe.

Mtawanyiko ukiwa wa kulia na kushoto, rudi swali la 12.

18. Dalili za mgandamizo kupita kiasi ni zipi?

Bolti nzito kuinua, alama ya duara inayong'aa kitakoni mwa ganda, fataki iliyobapa hadi ukingo wake kupotea au iliyotobolewa, na kasi kubwa kuliko ya kitabu. Mojawapo tu inatosha kusimama. Zilizobaki usizipige, zifungue kwa nyundo ya kuvulia vichwa. Kutoonekana kwa dalili si ushahidi wa usalama, kwani fataki nyingine ni ngumu na hazibapi.

## Hali za pembezoni

19. Naweza kupiga 5.56 kwenye bunduki ya .223?

Usipige. Zinaingia, lakini chemba ya .223 huwa na nafasi fupi kabla ya mifuo, na risasi ya 5.56 inaweza kupandisha mgandamizo. Kinyume chake, .223 kwenye chemba ya 5.56, ni salama.

20. Programu inauliza latitudo na mwelekeo. Kuna maana yoyote hapa?

Ipo, ila si ile iliyozoeleka. Arusha iko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, hivyo mzunguko wa dunia hausukumi risasi kulia wala kushoto kwa zaidi ya sentimita moja kwenye mita 1000. Wima ndiko kuna kazi, na ikweta ndiko inakokuwa kubwa zaidi: ukipiga kuelekea mashariki risasi inapanda kama sentimita 12, ukipiga magharibi inashuka kiasi hicho. Kaskazini na kusini, sifuri. Kichwa kinachozunguka kulia pia huteleza kulia kama sentimita 20 kwenye yadi 1000, popote duniani.

21. Bunduki inalenga vizuri Arusha. Nikienda Dar es Salaam?

Jedwali jipya kabisa, na hakikisha kichwa bado kinatulia. Hewa nzito hudai mzunguko zaidi: kichwa chenye kipimo cha utulivu 1.5 Arusha kinashuka hadi karibu 1.25 pwani, chini ya 1.5 inayopendekezwa. Ukichagua kichwa kilicho mpakani mwa mtutu wako, pima kwa hewa ya pwani.

22. Rafiki ameniuzia risasi alizojaza mwenyewe. Nizipige?

Hapana, hata akiwa mpigaji hodari. Zilipimwa kwa chemba yake, na huwezi kuona kilichomo ndani. Uuzaji wenyewe nao una masharti yake ya leseni (swali la 3). Zisichanganywe na zako; zikabidhiwe polisi pamoja na maelezo.